Kilo Tano kwa Jina Lake

Jumatatu, 8 Septemba

Wakili Ochanda amenipa daftari hili leo. Ameniambia niandike kila shilingi inayoingia na inayotoka mpaka maombi yangu yaamuliwe. Nikamuuliza kama naweza kuandika na mengine. Akasema daftari ni langu, niandike nitakacho, mradi hesabu ziwe za kweli. Haya, ameyataka mwenyewe.

Jina: Eucabeth Nyanchera. Fundi cherehani, Keumbu, kibanda cha tatu kutoka pale wanapopakia ndizi. Mjane. Mama ya Phanice, ambaye ameajiriwa Nakuru. Miaka arobaini na tisa. Deni: milioni moja, laki moja na elfu ishirini na sita. Nimeliandika kwa maneno kwa sababu nikiliona kwa tarakimu kichwa kinazunguka.

Lilikuja hivi. Mwaka wa 2023 mwenye shule moja ya kibinafsi aliniagiza sare mia sita. Nilichukua kitambaa kwa mkopo, nikakopa kwenye kikundi, nikaajiri mafundi wanne, tukashona miezi mitatu na nusu. Nikapeleka. Mwenye shule akafunga shule, akazima simu, na mpaka leo nakutana barabarani na watoto wa watu wamevaa jasho langu. Nikakopa kulipa nilichokopa. Yaliyofuata simu yangu inayajua kuliko mimi.

Ochanda anasema iko njia ya kisheria. Mtu asiye na mali ya kuuzwa anaapa hivyo mbele ya afisa wa serikali, wadai wanaacha kumwandama, na baada ya mwaka deni linafutwa. Lakini ukificha kitu, hata kidogo, unatupwa nje na unaweza kushtakiwa. Alilirudia hilo mara tatu. Nikamwambia mimi ni Msabato, siapi uongo. Alitabasamu, nami nikakasirika, maana ni kijana wa juzi tu kutoka Homa Bay na anatabasamu kama mzee wa kanisa.

Nauli 200. Chai na mandazi 50.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimeorodhesha mali yangu yote na ikatosha nusu ukurasa. Cherehani mbili, ambazo ni za kazi na haziguswi. Kitanda, kabati, redio. Akaunti moja ya benki yenye shilingi 312. Ochanda akauliza, akaunti nyingine? Hakuna. Shamba? Ni la marehemu baba, liko Nyacheki, linalimwa na ndugu yangu Osoro. Mifugo? Nikamuuliza kama anataka niandike na meno yangu. Kisha nikaapa, nikatia sahihi.

Nikapitia benki kubadilisha nambari ya simu, kwani ile ya zamani niliitupa kwa sababu ya wadai. Msichana akachukua kitambulisho changu, akabonyezabonyeza, akasema, "Tayari, mama. Akaunti zako zote sasa ziko kwa nambari hii." Zote. Nikadhani ni mazoea yake ya kusema.

Ijumaa, 12 Septemba

Syprose amekuja. Huyu ndiye aliyenipa kitambaa cha sare, ana duka Kisii mjini, na ananidai laki tatu na elfu arobaini. Tumekuwa marafiki miaka kumi na mitano. Gauni la harusi la binti yake nililishona bure, na mume wangu alipofariki yeye ndiye aliyesimama jikoni siku tatu. Sasa ni mdai nambari mbili kwenye orodha.

Alikuwa amepata barua ya Ochanda. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alikaa kwenye benchi la wateja na mkoba mapajani, akasema angetaka kuyasikia mdomoni mwangu kabla ya kuyasoma kwenye karatasi. Nikamjibu kwamba mwenye njaa hana wakati wa kuandaa hotuba. Akaondoka. Nimekasirika mpaka nimeshona mfuko wa suruali ya mtu nje ndani.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua. Kupunguza suruali mbili, 300.

Jumamosi, 20 Septemba

Sabato njema kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Osoro alishuka kutoka Nyacheki na mkungu wa ndizi begani, akasali nasi, tukala pamoja.

Ni mdogo wangu kwa miaka sita na ndiye mtu pekee ambaye hajaniuliza nilifikaje hapa. Ile 2023, mafundi walipotaka kuniachia kazi katikati kwa kukosa mshahara, alikuja hapa kibandani na laki moja na elfu themanini ndani ya mfuko wa sukari. Alikuwa ameuza ng'ombe wa pembe moja, yule wa maziwa mengi aliyezaliwa na kasoro hiyo. Nikalia. Akaniambia nisimrudishie, sisi ni wa tumbo moja. Ochanda aliponiuliza kama nina deni kwa jamaa, nilimwambia hapana. Zawadi si deni.

Dunia ingekuwa na akina Osoro watatu na akina Syprose wachache, tungeishi vizuri.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua tangu saa nane. Kola moja, 50.

Jumatatu, 6 Oktoba

Keumbu nzima inaongea bonasi ya majani chai, ile pesa ya mara moja kwa mwaka wanayolipwa wakulima. Muuza magodoro ameyapanga nje chini ya turubai. Mwenye hoteli ameajiri mtu wa kuchoma nyama. Hata mimi nimekata magauni manane ya kuweka, maana mke wa mkulima hukumbuka mwili wake mara moja kwa mwaka. Wengine wana bahati ya kusubiri kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Hakuna kilichoingia.

Jumanne, 14 Oktoba

Ijumaa niliandika kwamba hakuna kilichoingia. Huo ni uongo, na Ochanda akisoma basi asome.

Kilichoingia ni shilingi laki moja, elfu sitini na nane na mia tatu.

Ujumbe ulifika saa nne asubuhi nikiwa natia uzi kwenye sindano. "Akaunti yako inayoishia 417 imepokea." Nikajua ni wale matapeli wa simu, nikasubiri wanipigie kuniomba nirudishe. Hawakupiga. Nikaangalia ile akaunti yangu ninayoijua: haiishii 417. Nilikaa Sabato nzima nikiimba bila kusikia ninachoimba.

Jana nikaenda benki. Yule msichana akageuza kioo cha kompyuta nijionee. Eucabeth Nyanchera, kitambulisho changu, akaunti iliyofunguliwa mwaka wa 2003. Ndipo nikakumbuka. Nilipomaliza chuo cha ushonaji, baba alinigawia mashina mia nne ya chai, akanichukulia nambari yangu ya mkulima na kunifungulia akaunti ya kulipiwa. Watu walimcheka, nani humgawia binti chai? Nikaolewa. Kadi ya mkulima na ya benki zikabaki kwenye sanduku lake la bati, pamoja na karatasi ya nambari ya siri. Sikuwahi kuzifikiria tena.

Akanichapishia taarifa. Miaka mingi hakuna kitu, halafu kuanzia katikati ya 2024 pesa zinaingia kila mwezi, elfu kumi na nne, elfu kumi na sita, na zinatolewa wiki hiyohiyo. Zote isipokuwa hii ya mwisho, ya bonasi, ambayo ilinikuta na simu mkononi kabla ya mwenye mchezo kufika kwenye mashine. Nikapiga kelele kwamba kuna mwizi. Nikafunga ile kadi palepale. Askari wa mlangoni aliniletea maji na kiti.

Kwa dakika kumi nilikuwa mwanamke ambaye Mungu amemjibu. Nakiri. Nilimlipa Syprose nusu, nikanunua blanketi, yote nikiwa nimekaa kwenye kiti cha askari. Halafu nikakumbuka niliapa kwamba nina akaunti moja. Na nikakumbuka lile sanduku la bati liko nyumbani kwa nani.

Jumatano, 15 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye kituo cha majani.

Nilifika Nyacheki saa nne, mvua nyepesi. Wachumaji walikuwa wamepanga magunia kwenye banda la kununulia majani, na karani Ondieki anapima. Osoro hakuniona. Zamu yake ilipofika alitundika gunia dogo, akatoa kadi kwenye mfuko wa shati, mashine ikalia, karatasi ikatoka. Kilo tano. Kisha akatundika gunia kubwa, akatoa kadi nyingine kwenye mfuko wa suruali. Kilo thelathini na nane. Ondieki alikuwa akitazama paa.

Kilo tano kwa jina lake ili lisife. Kilo thelathini na nane kwa jina langu.

Nikamwita. Aligeuka, na nikaona uso ambao sijauona tangu alipovunja redio ya baba. Tukapanda nyumbani. Mke wake akatupikia chai nzito. Ng'ombe wa pembe moja alikuwa amefungwa kwenye mgomba, amelowa, anatutazama kupitia mlangoni. Hakuna aliyekunywa.

Akaeleza huku akitazama magoti yake. Alichukua mkopo kwenye sako, chama cha akiba na mikopo cha wakulima, na sako ikawa inakata kwenye malipo ya majani, kila mwezi, mpaka hakubaki na kitu. Akaona kadi yangu kwenye sanduku. Wengi hufanya hivyo, alisema, mtu huuza majani kwa jina la mama, la shemeji, hata la marehemu. Nikauliza mkopo ulikuwa wa nini. "Shida za nyumbani," akasema. Mke wake akatoka nje.

Nikamfokea. Nilimwambia amenifanya mwongo mbele ya serikali. Kwamba mimi nimeapa sina kitu huku yeye akiniingizia pesa kwa mlango wa nyuma. Kwamba kuna mwanamke mjini anayenidai kitambaa na ananiheshimu kuliko yeye. Alinisikiliza mpaka nikaisha pumzi.

Kisha akasema kwamba Bitutu, kifungua mimba wake, amepata nafasi ya chuo cha uuguzi na anatakiwa kuripoti tarehe ishirini na saba na shilingi elfu tisini. Pesa ya bonasi ilikuwa ya hiyo. Nikamwambia nikiitoa na kumpa, nitakuwa nimeficha mali, na nikikamatwa deni lote linarudi juu yangu pamoja na kesi.

"Ni majani yangu, dada," akasema. "Nimeyachuma kwa mikono hii."

"Na jina ni langu," nikasema.

Akanisindikiza hadi barabarani. Kabla sijapanda aliniomba kitu kimoja, nisiiandike popote. Nimeiandika.

Nauli 500.

Ijumaa, 17 Oktoba

Osoro amepiga simu mara nne. Kula sijui, kulala sijui. Magauni mawili yamenunuliwa, 2,400.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimechana ukurasa wa tarehe kumi na nne na ule wa kumi na tano. Nikazikunja, nikaziweka kwenye kopo la vifungo. Daftari likawa safi kabisa, la mjane maskini anayepunguza suruali. Nikalitazama sana. Bitutu alizaliwa mikononi mwangu.

Jumanne, 21 Oktoba

Syprose tena. Nilidhani amekuja kudai, nikajiandaa. Kumbe alikuwa ameleta zipu alizosema zimekaa dukani bila mnunuzi. Akaniambia, kama mtu anayeongea habari ya hali ya hewa, kwamba ameuza ploti yake ya Homa Bay kuwalipa waliompa kitambaa kile cha sare. Sikujua. Miaka miwili namwona ana duka kubwa, nikadhani deni langu kwake ni dogo kama sukari ya kuongeza kwenye chai.

Nikataka kumwambia kila kitu. Nikasema tu asante kwa zipu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mama Phanice, ukipata kitu, niambie wewe. Hata kama hunipi. Nisisikie sokoni."

Alipokwisha kwenda nilitoa zile kurasa kwenye kopo nikazirudisha kwa cherehani, mshono wa nusu inchi, uzi mweusi. Zinaonekana kabisa kwamba zilitoka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemwambia Ochanda. Nilimpa daftari asome mwenyewe kwa sababu mdomo ulikataa. Alisoma polepole, akapitisha kidole kwenye mshono, na safari hii hakutabasamu.

Amesema haya. Sasa hivi tunaandika barua kwa afisa kueleza kwamba akaunti imegunduliwa. Pesa isiguswe. Tarehe ishirini na nne Novemba afisa atatuita pamoja na wadai. Pesa hiyo ni yangu mpaka ithibitishwe kwamba si yangu, na mtu pekee wa kuithibitisha ni Osoro, kwa kiapo, akikubali kwamba aliuza majani yake kwa jina langu ili kuikwepa sako. Nikauliza, na asipokubali? Watagawana wadai, akasema, na utakuwa mtu aliyeapa vibaya.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimempigia Osoro nikamweleza. 

"Umeniua, Nyanchera," akasema. Halafu akakata simu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuripoti chuoni. Mvua kutwa. Sikufungua kibanda.

Ijumaa, 31 Oktoba

Osoro hajapiga.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua ya mawe. Saa tisa alasiri mbingu zilimwagika, mabati yakalia mpaka watu wakaacha kuongea. Hapa Keumbu yalikuwa madogo. Wachuuzi waliotoka juu wanasema Nyacheki yameanguka makubwa na chai imebaki vijiti. Hakutakuwa na kuchuma wiki nyingi. Nimempigia Osoro mara mbili, hashiki.

Jumapili, 9 Novemba

Osoro hajapiga. Vifungo, 30.

Jumatano, 12 Novemba

Bitutu amekuja na begi. Alisimama mlangoni akisubiri nimkaribishe, mtoto ambaye zamani alikuwa akiingia akiniita kutoka barabarani. Anasema kule hakuna majani ya kuchuma, bora aje anisaidie kazi. Baba yake anajua? Anajua na hakusema kitu. Nilisubiri anilaumu. Akauliza tu vifungo viko wapi.

Amebeba maziwa lita tatu. Tumepika chai. Maziwa matamu, yana mafuta juu, kama ya zamani.

Jumapili, 16 Novemba

Andika, Nyanchera. Andika vilevile ulivyo.

Leo mchana nilikaa kujumlisha hesabu za daftari hili kabla ya kumpelekea Ochanda. Bitutu alikuwa kwenye cherehani ya pili akijifunza kukunja pindo. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Nikafika tarehe ishirini Septemba, kwa mwandiko wangu: alikuwa ameuza ng'ombe wa pembe moja. Nikaendelea kujumlisha. Nikafika kwenye kurasa za uzi mweusi, tarehe kumi na tano Oktoba, kwa mwandiko wangu: ng'ombe wa pembe moja alikuwa amefungwa kwenye mgomba.

Kalamu ilianguka. Nilikuwa nimemwona. Nilikaa mbele yake saa nzima, nikamfokea ndugu yangu mbele yake, nikarudi nyumbani nikamwandika, na sikumwona.

Nikamuuliza Bitutu yule ng'ombe waliye naye walimnunua lini. Akashangaa. Akasema hajanunuliwa, shangazi, ni wetu, nimemkamua tangu niko darasa la nne. Hajawahi kuuzwa? Hajawahi. Na sako ilianza kumkata baba yako lini? Akafikiri. "Ule mwaka ulikuwa unashona sare nyingi."

Laki moja na elfu themanini ndani ya mfuko wa sukari. Shida za nyumbani. Mke wake alitoka nje kwa sababu hakuweza kukaa akasikia namna ninavyomtukana mtu aliyekopa kwa ajili yangu. Alijificha kwenye jina langu kwa sababu deni lenyewe lilikuwa langu. Na mimi nilimweka kwenye mizani na Syprose nikamwona mwepesi.

Nimelia mbele ya mtoto. Akanishika bega na mkono uliojaa vumbi la chaki ya kukatia. Aibu hii sijawahi kuijua, hata siku ile kikundi kilipokuja kuchukua cherehani yangu ya tatu mbele ya soko zima.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilimkuta Osoro kwenye chai, anakata matawi yaliyovunjwa na mawe. Nikamwambia nimejua. Aliendelea kukata mistari miwili mizima. Nikamfuata nyuma nikiokota matawi, kwa viatu vyangu vya mjini.

Mwishowe akasema kwamba kama angeniambia ni mkopo ningekataa. Nikasema ndiyo, ningekataa. Akasema basi. Nikamuuliza kwa nini hakunitupia hilo usoni siku ile ninamfokea. Akasema nilikuwa nimeshabeba mengi. Nilitamani anitukane, hata kidogo tu, nipate mahali pa kushika.

Sikumwomba aje tarehe ishirini na nne. Nilimwambia tu kwamba nitamwandika kwenye orodha ya wadai wangu, jina lake kamili na kiasi chote, aje asije. Alisimamisha panga.

"Mimi si mdai wako," akasema. Nikashuka na matope hadi magotini.

Jumatatu, 24 Novemba

Tumetoka. 

Afisa ni mama wa miwani, sauti ya chini. Chumba kilikuwa na viti kumi. Kijana wa kikundi cha mikopo alikuja na tai. Syprose alikaa karibu na dirisha. Jana nilikuwa nimeenda dukani kwake kumweleza yote mdomoni mwangu, akaunti, Osoro, ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho, akanikatia kipande cha keki, akasema angalau hakusikia sokoni.

Afisa akauliza kama kuna mtu wa kuapa kuhusu ile pesa. Ochanda akatazama mlango. Nami nikatazama mlango. Hakuna mtu. Afisa akashika kalamu, na moyo wangu ukaanza kuhesabu gharama za kila mtu ninayempenda. Ndipo tukasikia mshindo wa viatu vya gambuti kwenye ngazi.

Osoro aliingia na matope hadi magotini na karatasi mbili za kupimia kwenye mfuko wa plastiki. Alikataa kukaa. Akasema jina lake, akaapa, akaeleza yote: kadi mbili, kilo tano kwa jina lake, zilizobaki kwa jina langu, na kwamba mimi sikujua. Aliyasema bila kujitetea, kwa Kiswahili chake cha Nyacheki, na kijana wa tai akaacha kuandika.

Afisa akaamua hivi. Pesa ni ya majani ya Osoro, si yangu. Sako itarudishiwa deni lake lililobaki, laki moja na elfu arobaini na mbili, na kinachosalia apewe yeye. Ni elfu ishirini na sita na mia tatu, haifikishi mtoto chuoni, itabidi asubiri muhula wa Machi. Na mimi, kwa kuwa niliapa akaunti moja zikawa mbili, siwezi kupita kama mtu asiye na kitu. Hakuna kufutiwa. Nitalipa elfu tisa kila mwezi kwa miaka mitatu, wagawane wote kulingana na kiasi, na hakuna atakayenigusa nikilipa. Kijana wa tai alinung'unika. Syprose akasema kwa sauti kwamba yeye anakubali, na kijana naye akakubali.

Kisha afisa akasoma orodha mpya. Akafika mwisho: Osoro Nyamweya, Nyacheki, laki moja na elfu themanini. Akainua macho akamuuliza kama kweli anadai. Kama ni zawadi, alisema, na atie sahihi hapa kuiachilia, ndugu wengi hufanya hivyo. Akamsogezea kalamu.

Nakiri nilisubiri aichukue. Ndani kabisa nilijua ataichukua, ndiye Osoro wangu, wa mfuko wa sukari. Nilikuwa nimeshaandaa machozi ya shukrani.

Osoro aliitazama ile kalamu. Akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Acha jina likae," akasema. "Nilizihitaji, dada. Zote. Tangu siku ile nakuletea."

Nilishtuka kuliko siku ya ujumbe wa benki, kuliko siku ya ng'ombe. Miaka miwili na nusu nilijua nilipewa na mtu aliyekuwa nazo. Nikasema mbele ya wote kwamba nitalipa. Na nikapata mahali pa kushika, maana hatimaye alikuwa amenidai.

Ijumaa, 5 Desemba

Jua. Magauni matatu, 3,600. Bitutu amemaliza sketi yake ya kwanza peke yake, pindo limenyooka.

Nimelipa elfu tisa za kwanza. Za Syprose, 2,343. Za Osoro, 1,240. Saa tano alinipigia, mara ya kwanza tangu Oktoba. Hakuwa na la kusema, alitaka tu nijue zimefika. Nikamsikia akimwambia mke wake anunue chumvi ya ng'ombe.